Kusubirishwa na Kucheleweshwa: Mwendo wa Picha katika Filamu Pendwa

Lawama inayorejewa mara kwa mara juu ya filamu zinazotengenezwa Dar es Salaam, na hata zile chache zinazotengenezwa Unguja, ni kwamba zinakwenda polepole. Gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, mwenyewe anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, anabisha hodi, anafunguliwa, anakaribishwa kitako na anaulizwa atakunywa nini. Dakika mbili tatu zimekwisha na lililotokea ni kwamba mtu amefika. Katika miaka ya 2000, filamu hizo zilipokuwa zikiuzwa kwa kanda na kisha kwa diski, na hadithi moja ikigawanywa vipande viwili ili mnunuzi arudi dukani kufuata sehemu ya pili, mwendo huo ulikuwa na sababu yake ya kibiashara, kwani muda wenyewe ulikuwa bidhaa. Biashara ile imeshabadilika, lakini geti bado linafunguliwa. Dawa inayopendekezwa na wengi, wakiwamo vijana wanaojifunza kazi hii, ni kwamba picha zikatwe haraka, kamera itikiswe na muziki upandishwe sauti. Mfano unaotolewa ni filamu za mapigano za Marekani, ambazo mtazamaji wake, inasemwa, hapati hata nafasi ya kupepesa jicho.

Dawa hiyo imetolewa kabla mgonjwa hajapimwa. Tukio la geti lina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba mtazamaji hana anachokingojea. Hakuambiwa kwamba ndani ya nyumba ile yumo mtu asiyepaswa kukutwa. Hakuoneshwa barua iliyosahauliwa mezani. Hajui kama anayeshuka garini anakuja kuposa au kudai deni. Angalijua mojawapo ya hayo, kila hatua ya ngazi ingalikuwa na uzito, na dakika tatu zingalionekana chache. Geti lile lile, mlinzi yule yule na ngazi zile zile, bila ya mkato hata mmoja kuongezwa, zingaliweza kumkausha mate. Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo lugha ya kawaida huyachanganya chini ya neno moja la "polepole": kusubirishwa na kucheleweshwa. Anayesubirishwa anajua kwamba kuna jambo linakuja, na muda unavyopita ndivyo hamu inavyozidi. Anayecheleweshwa amechukuliwa wakati wake tu.

Msikilizaji wa taarabu asilia haoni taabu katika tofauti hii. Shughuli hufunguliwa kwa bashrafu, ala tupu bila ya mwimbaji, na hakuna anayenyanyuka kulalamika kwamba wimbo umechelewa.

Katika sinema, somo hili halihitaji kutafutwa mbali na watazamaji wa pwani hii, ambao macho yao yamelelewa na picha za Kihindi tangu enzi za Awaara (1951) na Mother India (1957). Mfano ulio bora zaidi ni Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutoka mwaka 1975. Ni filamu ya zaidi ya saa tatu. Ina nyimbo, ina mzaha, ina treni inayovamiwa na majambazi, ina mapenzi ya aina mbili. Kwa vipimo vya leo ingehesabiwa kuwa ndefu kupita kiasi. Hata hivyo ilioneshwa katika ukumbi wa Minerva mjini Bombay kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo, na ni vigumu kudai kwamba watu hao wote walikuwa wakivumilia.

Siri yake kubwa imo katika shali. Thakur, ofisa wa zamani wa polisi anayewakodi Jai na Veeru wamkamate jambazi Gabbar Singh, hujifunika shali mabegani kila anapoonekana kijijini. Kamera haiitilii mkazo shali hiyo. Inampiga picha mtu mzima mwenye heshima zake, basi. Majambazi wanapovamia kijiji siku ya sikukuu ya Holi, bunduki imeanguka karibu na miguu yake, na vijana wale wawili wanaikodolea macho wakingojea awarushie. Haokoti. Wakisalimika wanamgeukia kwa hasira, na mtazamaji yuko pamoja nao katika hasira hiyo. Hapo ndipo hadithi inaporudi nyuma kueleza yaliyopita, na inaporejea upepo unaivuta shali, na mtazamaji anaona kwamba mtu huyu hana mikono. Mpigapicha Dwarka Divecha na mhariri M. S. Shinde hawakuhitaji mbinu ya kushangaza katika nukta hiyo. Mshangao ulikwisha kupangwa tangu mwanzo wa filamu, kwa uamuzi mdogo uliorudiwa kila siku kazini, wa namna mtu fulani atakavyosimama mbele ya lenzi.

Tukio la mauaji ya jamaa wa Thakur linastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndani yake mbinu karibu zote za kamera na uhariri zinatumika, na kila moja ina kazi. Nyumba ina amani na watu wana shughuli zao. Risasi ya kwanza inalia bila ya mpigaji kuonekana. Kila anayepigwa, mwendo wa picha unabadilika na anguko lake linagandishwa, kana kwamba filamu yenyewe inakataa kumwachia afike chini. Kisha kimya. Bembea inasikika ikilia. Gabbar anajitokeza juu ya farasi, taratibu, na aliyebaki uani ni mtoto mdogo. Hapa mwendo unakuwa mzito kuliko popote katika filamu: uso wa mtoto, jambazi anayesogea, bunduki inayonyanyuka. Risasi ya mwisho haioneshwi. Picha inakatwa kwenda kwenye treni inayomrudisha Thakur nyumbani, naye hajui lolote. Wajuzi wa sinema wataitambua asili yake: Sergio Leone alikwisha kuua familia namna hiyo katika Once Upon a Time in the West (1968), na mlio wa risasi yake nao ulimezwa na treni. Kuazima si aibu katika sanaa hii. Sippy aliazima mpangilio akauongezea uchungu wake, kwani baada ya treni mtazamaji analazimika kusafiri pamoja na baba asiye na habari mpaka kwenye maiti zilizofunikwa shuka nyeupe, na upepo unaozifunua. Dakika zote hizo mtazamaji anajua na Thakur hajui. Hakuna mkato wa haraka unaoweza kuzaa hofu ya namna hiyo.

Gabbar mwenyewe analetwa kwa utaratibu huo huo. Jina lake linatajwa kwa hofu muda mrefu kabla hajaonekana, na anapoonekana kinachotangulia ni viatu vinavyokwenda na kurudi juu ya jabali, na mlio wa mkanda unaoburutwa mweleka wake juu ya mawe. Amjad Khan, ambaye kabla ya hapo hakuwa nyota, alifanywa nyota na mabuti hayo kabla hajafungua kinywa.

Upande wa pili wa hoja nao una mfano wake bora, na si haki kuukwepa. The Bourne Ultimatum (2007), iliyoongozwa na Mwingereza Paul Greengrass na kuhaririwa na Christopher Rouse, ina wastani wa karibu sekunde mbili kwa kila shoti. Ili kuelewa maana ya takwimu hiyo, yafaa kukumbuka hesabu za David Bordwell, mwanazuoni wa Kimarekani aliyepima filamu nyingi: kati ya mwaka 1930 na 1960 shoti ya kawaida ya Hollywood ilidumu baina ya sekunde nane na kumi na moja. Kamera ya Greengrass hubebwa mkononi, hutetemeka, hutafuta, huchelewa kumpata anayesema. Alianzia katika vipindi vya uchunguzi vya televisheni, na kabla ya kuingia katika mfululizo huu alikuwa ametengeneza Bloody Sunday (2002), kuhusu mauaji ya waandamanaji Ireland ya Kaskazini mwaka 1972, ambamo mtetemo ule ulikuwa na maana ya ushahidi: mpigapicha alikuwapo, naye aliogopa. Wapo watazamaji waliotoka ukumbini wakilalamika kichefuchefu. Rouse alipewa tuzo ya Oscar kwa uhariri wake.

Wote wawili, aliyetapika na aliyempa tuzo, wana hoja. Lakini filamu hiyo inapofaulu, na inafaulu mara nyingi, haifaulu kwa wingi wa mikato. Tukio la stesheni ya Waterloo, London, ndilo uthibitisho. Bourne amemtilia mwandishi wa habari simu mfukoni na anamwongoza kwa sauti katikati ya umati: simama hapo, funga kamba ya kiatu, sasa nenda. Wapelelezi wanatazama kwa kamera za usalama kutoka ng'ambo ya bahari. Muuaji anatafuta mahali pa kulenga. Mtazamaji anajua pande zote tatu, anajua kila mmoja anaona nini na haoni nini, na anajua kwamba mwandishi yule ana hofu na huenda asisikilize. Mikato ni ya sekunde mbili. Kusubiri ni kwa dakika kadhaa. Chini ya ngoma ya haraka kuna ngoma nyingine nzito, na hiyo ndiyo inayoshika moyo. Mwandishi anapopuuza amri na kutoka alipojificha, risasi inayomkuta imekwisha kusubiriwa.

Waigaji walichukua ngoma ya juu wakaiacha ya chini. Mfano wa kusikitisha ni Quantum of Solace (2008), filamu ya James Bond, kwa sababu watengenezaji wake hawakukosa ufundi. Walimchukua hata Dan Bradley, aliyesimamia matukio ya hatari katika filamu za Bourne, na Richard Pearson, aliyeshiriki kuhariri The Bourne Supremacy (2004). Mikono ilikuwa ile ile. Lakini mbio za magari zinazofungua filamu hiyo zinaanza katikati, gari lipi ni la nani halijulikani upesi, na kinachogombewa hakijatajwa. Macho yanapigwa na vyuma na vumbi mpaka yanaacha kuuliza. Katika Taken 3 (2014) jambo hili lilifikia kikomo chake. Liam Neeson, mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini wakati huo, anaruka ua wa waya, na uruko huo wa sekunde zipatazo sita umekatwa zaidi ya mara kumi. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Mikato ile iliwekwa kuficha kwamba hakuna kilichorukwa.

Kuficha ndilo neno. Sehemu kubwa ya mtindo wa kutikisa na kukatakata ni stara: mwigizaji hajui kupigana, gari halikugongana kweli, kiwanja ni kidogo kuliko hadithi inavyodai. Mtengenezaji maskini anaweza kusamehewa stara hiyo, maana kila mtu hujifunika nguo aliyonayo. Ajabu ni kuiona ikivaliwa na tajiri kama mapambo.

Hong Kong walikuwa na hali tofauti, kwani mwili wenyewe ndio uliokuwa mtaji wao. Bruce Lee alipojiongoza katika The Way of the Dragon (1972), aliweka pambano lake na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma, na kabla ya ngumi ya kwanza wapinzani wanajinyoosha viungo, mmoja huku na mwingine kule, kwa muda ambao mhariri wa leo angeukata bila ya kufikiri. Paka mdogo anatazama. Kisha wanapigana huku miili ikionekana kuanzia unyayo hadi utosi, na mtazamaji anaona kwamba Lee ameshindwa mwanzoni, akabadilisha namna ya kusimama, akashinda. Yaani anaona mtu akifikiri kwa miguu. Jackie Chan naye, alipoteremka juu ya nguzo iliyozongwa taa katika jengo la maduka mwishoni mwa Police Story (1985), aliionesha teremko hiyo mara tatu kwa pembe tofauti. Kwa mantiki ya hadithi mtu hawezi kuanguka mara tatu. Kwa mantiki ya starehe, mtazamaji ndiye aliyetaka, na alipewa.

Hata hivyo, mwenye kutaka kugeuza hoja hii kuwa sheria ya kupenda shoti ndefu atakwazwa na Mad Max: Fury Road (2015). George Miller aliipiga jangwani Namibia, na Margaret Sixel akaihariri ikawa na shoti zipatazo 2,700 ndani ya saa mbili, kasi inayokaribia ile ya Bourne. Hakuna aliyepotea njia. Miller na mpigapicha wake John Seale walikubaliana kwamba kilicho muhimu kikae katikati ya fremu, shoti baada ya shoti, ili picha inapobadilika jicho lisilazimike kutafuta upya; lipo tayari mahali linapotakiwa. Na hadithi yenyewe ni nyepesi kuifuata kama njia ya ng'ombe: wanakwenda, kisha wanarudi. Baina ya kwenda na kurudi kuna usiku wa rangi ya buluu ambamo filamu inapumua. Sixel naye alipata Oscar. Mikato yake na ya Taken 3 inaweza kulingana kwa hesabu, lakini mmoja aliandaa jicho na mwingine alilirushia mchanga.

Katika Afrika ya Mashariki kuna kipimo cha mwendo ambacho wanazuoni wa Ulaya na Marekani hawakukihitaji, nacho ni msimulizi. Tangu kanda za video zilipoenea, Tanzania imekuwa na watu kama Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina wasimulizi wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Wengi huwachukulia kama wafasiri, na baadhi ya wasomi huwadharau kwa kuwa wanatia chumvi. Lakini msimulizi ni mtazamaji anayesema kwa sauti. Anahitaji nafasi ya kuuliza, kutabiri, kuonya, kumcheka adui. Filamu za kungfu na za Kihindi humpa nafasi hiyo kwa ukarimu, na ndiyo maana zimesimuliwa sana: stelingi anakunja mikono ya shati, na msimulizi ana sekunde tano za kumwambia adui kwamba leo amefika. Katika filamu iliyokatwakatwa bila ya mpango, msimulizi hubaki akitaja vitu, gari, bunduki, mlango, gari tena. Ambapo mtu mwenye ulimi kama huo anakosa la kusema, yafaa mhariri ajiulize kama mtazamaji aliyekaa kimya anapata la kufikiri.

Ukubwa wa kiwambo nao una neno lake hapa. Katika Majestic ya Vuga, iliyojengwa upya mwaka 1955 baada ya jumba la awali kuungua, macho yalikuwa na uwanja mpana wa kutembea, na shoti moja pana ilitosha kuchunguzwa kwa muda mrefu. Leo wengi hutazama kwenye simu, na kwenye simu shoti pana huwa kundi la sisimizi. Hii ni hoja ya kweli ya kusogeza kamera karibu na nyuso. Haina uhusiano na kasi.

Kinachowakabili watengenezaji wa hapa, basi, ni kazi inayofanyika kwenye karatasi kabla ya kamera kuwashwa: mtazamaji ajue nini kabla gari halijafika getini? Swali hilo halina gharama. Halihitaji kreni wala kamera mpya, na jibu lake linaweza kuwa shoti moja ya sekunde nne, ya viatu vya mgeni vilivyovuliwa mlangoni ambavyo mwenye nyumba hatakiwi kuviona. Baada ya hapo mlinzi anaweza kufungua geti kwa utaratibu anaoupenda. Inasikitisha kuona vijana wenye vipaji wakinunua programu za uhariri zenye madoido mia na kuyatumia yote katika tukio ambalo halina swali. Wakiambiwa filamu yao inachosha, wanaongeza mikato, na inachosha zaidi, kwa kuwa sasa inachosha kwa kelele.

Sholay yenyewe haikukosa deni lililocheleweshwa. Mtazamaji aliyekaa saa tatu akingojea mtu asiye na mikono alipize kisasi kwa miguu yake, ndani ya viatu vilivyotiwa misumari, alikatizwa mwaka 1975 na polisi wanaofika dakika ya mwisho na kumzuia Thakur asimuue Gabbar. Mwisho huo uliwekwa kwa amri ya wakaguzi wa filamu, wakati India ikiwa chini ya hali ya hatari, na watazamaji waliukubali kwa vile walivyokwisha kushiba njiani. Mwisho alioukusudia Sippy ulirudishwa katika nakala iliyokarabatiwa, ambayo ilioneshwa mwezi wa Juni mwaka 2025 mjini Bologna, Italia, usiku, katika uwanja wa wazi wa Piazza Maggiore. Viatu vile, vilivyokuwa vimenyanyuliwa kwa miaka 50, vilishuka.